Matapishi Yasiyo na Asidi: Kisa cha Barry Marshall na Protini za Utando wa Tumbo

Katikati ya mwaka 1984, katika Hospitali ya Fremantle iliyo jirani na mji wa Perth, magharibi mwa Australia, daktari mwenye umri wa miaka 32 alikunywa mchuzi wa maabara uliojaa bakteria waliooteshwa kutoka tumboni mwa mgonjwa. Jina lake Barry Marshall. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya ushujaa, na kwa kawaida msimulizi akishataja kikombe hukimbilia Stockholm, ambako Marshall na mwenzake Robin Warren walipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2005. Hapa nakirudia kwa ajili ya jambo dogo ambalo wasimulizi hulipita mbio: baada ya siku kadhaa Marshall alianza kutapika asubuhi, na alichokitapika kilikuwa kimiminika cheupe kama maji, kisicho na asidi. Dalili hiyo, nionavyo, inatueleza zaidi kuhusu maradhi ya tumbo yanayoletwa na bakteria hao kuliko kikombe chenyewe.

Kwanza mazingira ya kisa. Warren, aliyekuwa daktari wa patholojia katika Hospitali ya Royal Perth, aliwaona bakteria waliopinda juu ya utando wa tumbo mwaka 1979, wakati ambapo vitabu vilifundisha kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi ndani ya asidi ya tumbo. Miaka mitatu baadaye Marshall alifanikiwa kuwaotesha, baada ya sahani za maabara kuachwa kwenye joto muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 wawili hao walichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya wagonjwa 100 iliyoonyesha kwamba bakteria hawa huandamana na kuvimba kwa utando wa tumbo pamoja na vidonda. Wapinzani walikuwa na hoja yenye uzito: huenda tishu iliyokwisha kuharibika kwa sababu nyingine ndiyo inayowakaribisha bakteria, kama vile nzi wanavyokuja kwenye kidonda ambacho hawakukisababisha. Jaribio la kuwaambukiza nguruwe wadogo lilishindikana. Marshall akabaki na tumbo lake mwenyewe.

Kabla ya kunywa, Marshall aliingizwa kamera tumboni na vipande vya tishu vikachukuliwa, navyo vilikuwa vizima. Kisha akameza simetidini, dawa ya kupunguza asidi, ili bakteria wapate nafasi ya kupita salama, ndipo akanywa. Siku ya tano hivi alianza kuhisi tumbo limejaa hata kwa chakula kidogo, hamu ya kula ikapungua, pumzi yake ikanuka, na asubuhi akawa anatapika. Siku ya kumi kamera iliingizwa tena. Safari hii bakteria walionekana na utando ulikuwa umevimba, chembe nyeupe za damu aina ya neutrofili zikiwa zimeingia katika tishu. Siku ya kumi na nne, alipochunguzwa mara ya tatu, sehemu kubwa ya uvimbe huo ilikuwa imekwisha kutoweka. Baada ya hapo ndipo alipoanza kumeza dawa ya tinidazoli. Taarifa ilichapishwa mwaka 1985 katika jarida la madaktari la Australia, naye akajitaja humo kama mtu aliyejitolea tu.

Tumbo tupu la mtu mzima asubuhi lina maji makali ya asidi, ya pH 1 au 2, na mtu akitapika akiwa hajala koo humwunguza. Kwa nini basi matapishi ya Marshall hayakuwa na asidi? Jibu la haraka ni kusema simetidini ndiyo iliyoizima, lakini jibu hilo halisimami, kwa kuwa nguvu ya dawa hiyo hudumu kwa saa kadhaa tu, na matapishi yalikuja siku nyingi baada ya kuimeza. Jibu la pili ni kwamba amonia inayotengenezwa na bakteria iliimaliza asidi. Hili nalo lina upungufu, kwa sababu amonia hiyo huunda wingu dogo la kumkinga bakteria mmoja mmoja pale alipo, na haitoshi kuituliza asidi yote ambayo tumbo zima lingeimwaga kama lingekuwa likifanya kazi yake. Linabaki jibu la tatu: seli zenyewe za tumbo ziliacha kumwaga asidi.

Jambo kama hilo lilikuwa limewahi kutokea bila mtu kulielewa. Mwaka 1979 watafiti wa Dallas, nchini Marekani, waliripoti kwamba watu 17 kati ya 37 wenye afya njema, waliojitolea kupimwa asidi ya tumbo kwa kuingizwa vifaa vile vile mara kwa mara, walipoteza asidi yao na tumbo likavimba. Asidi hiyo ilichukua miezi kurudi. Wakati huo walidhani ni kirusi. Vipande vya tishu vilipoangaliwa upya miaka kadhaa baadaye bakteria wa Marshall walionekana. Kilichowapata watu wa Dallas kwa bahati mbaya ndicho alichojitakia Marshall kwa makusudi.

Hapa naomba kusimama kidogo. Kwetu mtu akishika tumbo na kusema "asidi imenizidi", muuza duka la dawa humpa kidonge cha kuituliza na mambo yakaishia hapo. Lugha hiyo imetuzoesha kuiona asidi kuwa ndiyo adui na utando wa tumbo kuwa ukuta unaounguzwa. Kisa cha Marshall kinaanzia upande wa pili kabisa: maambukizi mapya huanza kwa kuipunguza asidi, nao utando unashiriki katika jambo hilo, kwa maana protini zake zinabadilishwa idadi, mahali na umbo. Ni kweli kwamba protini hizo hazikupimwa katika vipande vya tishu vya mwaka 1984, na nyingine hazikuwa bado zimegunduliwa. Ninachofanya ni kuusoma ugonjwa wa siku kumi na nne kwa msaada wa yale yaliyofahamika katika maabara miongo mitatu iliyofuata.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Bakteria huyu, ambaye leo huitwa Helicobacter pylori, hubeba kimeng'enya kiitwacho yurease kwa wingi wa ajabu, kiasi cha kufikia takriban asilimia 10 ya protini zake zote. Kimeng'enya hicho huvunja yurea, ambayo imo katika maji ya tumbo kwa kawaida, kuwa amonia na kabonidayoksaidi. Mlango wa kupitishia yurea, protini iitwayo UreI, hufunguka pale tu asidi inapokuwa kali, jambo ambalo ni la busara, kwani amonia nyingi mahali pasipo na asidi ingemwua bakteria mwenyewe. Amonia ina kazi ya pili. Ute wa tumbo umejengwa kwa protini ndefu zilizovikwa minyororo ya sukari, ziitwazo musini, na katika asidi kali musini hizo hushikana zikawa kama jeli ya kunata; asidi ikipungua jeli hulegea ikawa majimaji. Watafiti waliomtazama bakteria chini ya darubini walimwona akikwama katika jeli huku mkia wake ukizunguka bure, kisha ute ulipolegea akaanza kuogelea. Hajitobolei njia kama skrubu, kama umbo lake linavyodanganya, bali huulainisha ute kwanza ndipo apite.

Akiukaribia utando hutafuta pa kushika. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba hushika sukari iitwayo Lewis b iliyopo juu ya seli za tumbo na juu ya musini, na mwaka 1998 mkono anaoshikia ulijulikana: ni protini yake iitwayo BabA. Lakini jambo la mwaka 2002 ndilo linalonivutia zaidi. Katika utando uliovimba seli hutengeneza kwa wingi sukari nyingine, sialili-Lewis x, ambayo katika tumbo zima ni adimu, na bakteria ana mkono wa pili, SabA, unaoshika sukari hiyo hasa. Baadaye ilionekana kwamba maambukizi yenyewe ndiyo yanayoamsha jeni la kimeng'enya B3GNT5 ndani ya seli za mwenyeji, kimeng'enya kinachosaidia kujenga minyororo hiyo ya sukari. Mwenyeji anavimba ili amfukuze mgeni, na kuvimba huko kunampa mgeni kigingi kipya cha kujifunga. Ute nao hausalimiki. Musini MUC5AC, ambayo kwa kawaida hutolewa na seli za juu, hupungua, na MUC6, ambayo makazi yake ni tezi za chini, huonekana juu mahali pasipo pake. Kwa wagonjwa waliotibiwa mpangilio huo ulielekea kurudi kama mwanzo.

Baada ya kushika, aina nyingi za bakteria hawa huingiza protini yao moja ndani ya seli ya mwenyeji. Protini hiyo ni CagA, na chombo cha kuipitisha ni mithili ya sindano, iliyoandikwa katika kipande cha jeni kinachobebwa na baadhi ya aina tu. Sindano hiyo haichomi ovyo. Hutumia protini za seli yenyewe kama vishikio, zikiwemo integrini na zile za jamii ya CEACAM, ambazo bakteria huzishika kwa protini yake HopQ. CagA ikishaingia, vimeng'enya vya seli, Src na Abl, huipachika fosfeti kwenye sehemu zake maalumu kana kwamba ni protini ya nyumbani. Tangu hapo CagA hushikana na kimeng'enya SHP2, ambacho kazi yake ni kupokea na kupitisha amri za seli kukua na kutembea, na kukiwasha bila amri yoyote kutoka nje. Katika sahani ya maabara seli za mviringo zilizoambukizwa hurefuka ndani ya saa chache zikawa na mkia mwembamba, hata watafiti wakaliita umbo hilo kwa jina la ndege mdogo wa Amerika mwenye mdomo mrefu.

Picha hiyo ya ndege ni ya kupendeza, lakini inahitaji tahadhari. Imetokana hasa na seli za AGS, ambazo zilichukuliwa kutoka saratani ya tumbo na zinaendelea kukuzwa katika maabara kote duniani. Seli za AGS hazina E-kadherini, protini inayozishona seli jirani pamoja, kwa hiyo ziko huru kurefuka na kutembea kwa namna ambayo seli iliyobanwa na jirani zake katika utando wa mtu hai haiko. Anayeeleza maradhi ya tumbo kwa kutumia AGS peke yake ni kama anayeeleza mwendo wa msafara kwa kumtazama ngamia aliyekata kamba.

Katika utando halisi ushonaji huo ndio uwanja wa vita. Seli za tumbo zimebanwa pamoja kwa tabaka mbili za mishono: ule wa juu unaozuia asidi isipenye katikati yao, na ule wa chini yake unaozishikilia kwa nguvu, ambao nguzo yake ni E-kadherini. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba CagA huivuta protini ZO-1, mmoja wa mafundi wa mshono wa juu, kutoka mahali pake hadi pale bakteria alipojibandika, ukiangalia kwa rangi za kung'aa unaiona ZO-1 imejikusanya chini ya bakteria juu ya uso wa seli, mahali isipopaswa kuwepo kabisa. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba CagA pia huzuia kimeng'enya PAR1, kinachoifanya seli ijue juu yake ni wapi na chini yake ni wapi. Na mwaka 2010 akapatikana mkata uzi mwenyewe: bakteria hutoa nje kimeng'enya HtrA, ambacho huikata E-kadherini katika sehemu yake inayojitokeza nje ya seli. Mshono ukiachia, bakteria hupata njia ya kupenya katikati ya seli na virutubisho humfikia kutoka chini. Kwa upande wa mgonjwa, asidi ikirudi siku za baadaye itakuta nyufa ambazo hazikuwepo.

Narudi kwenye darubini ya siku ya kumi. Neutrofili zilizoonekana katika tishu ya Marshall hazikuja zenyewe. Ziliitwa, na mwitaji mkuu ni protini ndogo iitwayo interlukini-8, ambayo seli za utando huitoa zikihisi mabaki ya ukuta na ya sukari za bakteria yaliyopenyezwa ndani yao. Ni rahisi kusema kwamba CagA ndiyo inayoamsha yote haya, na makala nyingi husema hivyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 linatufundisha kuwa waangalifu. Watu 20 waliojitolea walinyweshwa bakteria wa aina isiyo na kile kipande cha jeni cha sindano, 18 wakaambukizwa, tumbo likavimba vikali, na interlukini-8 katika utando wao ilipanda zaidi ya mara 20 ndani ya wiki mbili. Sindano huongeza ukali, lakini moto unaweza kuwaka bila yake.

Sasa tunaweza kuikaribia ile asidi iliyopotea. Asidi ya tumbo hutoka kwa pampu ya protoni, protini yenye vipande viwili, ambayo husukuma ioni za haidrojeni nje ya seli na kuingiza potasiamu badala yake. Ndiyo ile ile inayofungwa na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Kazi zilizofanywa katika seli za maabara na katika tishu za binadamu zilionyesha kwamba maambukizi hulizima jeni la kipande kikubwa cha pampu hiyo: ishara ya NF-kB, king'ora cha seli kinachowasha jeni za uvimbe, ambayo kwa upande mmoja inaita interlukini-8, kwa upande mwingine hupeleka protini p50 kukaa juu ya swichi ya jeni la pampu na kulizuia lisisomwe. Juu ya hayo, tishu iliyovimba hutoa interlukini-1 beta, mojawapo ya vizuizi vikali vya asidi vinavyojulikana. Kwa hiyo ishara ile ile iliyojaza neutrofili katika kipande cha siku ya kumi ndiyo inayotosha kueleza ukosefu wa asidi katika matapishi ya asubuhi. Hayakuwa matukio mawili. Tumbo lilikuwa likijibu shambulio, na jibu lake lilizima kiwanda chake. Kwa bakteria, hasa katika siku zake za kwanza kabla hajajenga ngome, hali hiyo ni neema tupu.

Swali linalofuata huulizwa na kila mwanafunzi: ikiwa asidi hupungua, vidonda vinatoka wapi? Marshall hakupata kidonda, na siku zake kumi na nne zisingetosha kukileta. Alichothibitisha ni kuvimba kwa utando, na taarifa yake ya mwaka 1985 ilisema tu kwamba hali hiyo ikiendelea kuwa sugu humweka mtu katika hatari ya vidonda. Daktari wa New Zealand, Arthur Morris, aliyekunywa bakteria baadaye na kuchapisha taarifa mwaka 1987, hakupata nafuu ya haraka. Maambukizi yake yaliendelea kwa miaka kabla ya kutibiwa, na pH ya tumbo lake ilipanda mwanzoni sawasawa na dalili ya Marshall.

Katika maambukizi sugu mambo hugawanyika kulingana na mahali bakteria walipojikita. Wakibaki zaidi sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kutokea, seli zinazotoa homoni ya somatostatini hudhoofika. Somatostatini ndiyo breki ya gastrini, homoni inayochochea asidi, hivyo gastrini hupanda na kuziamuru seli za juu, ambazo bado ni nzima na pampu zake zimekwisha kurudi kazini, kumwaga asidi kupita kiasi. Hapo ndipo kidonda cha utumbo mwembamba huzaliwa. Wakienea katika mwili wa tumbo, yaani sehemu yake kubwa ya kati, tezi za asidi hunyauka moja baada ya nyingine, asidi hushuka kwa kudumu, na njia ya kuelekea saratani hufunguka. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba watu wenye maumbile ya jeni yanayowafanya watoe interlukini-1 beta kwa wingi huangukia zaidi kundi hili la pili. Kwa hiyo watu wawili wanaokunywa kutoka kisima kimoja wanaweza kuishia pande mbili zinazopingana, mmoja na asidi nyingi na mwingine bila asidi, na wote wawili wakaambiwa wana "vidonda vya tumbo".

Mabadiliko hayo ya protini yanaweza kusomwa hata bila kamera. Seli za tezi hutengeneza pepsinojeni, protini zinazogeuka kuwa kimeng'enya cha kusaga chakula, ambazo kidogo huvujia katika damu. Pepsinojeni I hutoka katika tezi za mwili wa tumbo pekee, ilhali pepsinojeni II hutoka karibu kila sehemu. Tezi zikinyauka ya kwanza hushuka na ya pili hubaki. Nchini Japani kiwango cha pepsinojeni I kisichozidi nanogramu 70 kwa mililita, pamoja na uwiano wa ya kwanza kwa ya pili usiozidi 3, hutumiwa kuchagua nani apelekwe kwenye kamera.

Limebaki jambo moja katika kisa, nalo ni siku ya kumi na nne. Marshall hakuwa bado amemeza dawa, na uvimbe ulikuwa umekwisha kupungua sana. Seli za juu za tumbo hubadilishwa upya kila baada ya siku chache, hivyo zile zilizobeba vigingi vipya vya sukari na mishono iliyokatwa zilikuwa zimekwisha kumwagwa na nyingine kushika nafasi zake. Pampu iliyozimwa na p50 haijavunjwa; jeni lake linasubiri swichi iachiwe, kama asidi ya watu wa Dallas ilivyorudi baada ya miezi. Mambo hubadilika pale alama za methili, vibandiko vidogo vya kikemia vinavyonyamazisha jeni, zinapobandikwa juu ya jeni la E-kadherini, kama inavyoonekana katika utando wa watu wenye maambukizi sugu, kwa sababu alama hizo seli mama huzirithisha kwa binti zake hata upyaisho ukiendelea kama kawaida. Kuwaua bakteria huzipunguza kwa wagonjwa wengi, lakini tezi iliyokwisha kunyauka hairudi kwa urahisi huo, na ndiyo sababu wiki mbili za Marshall na miaka ya Morris haziwezi kusomwa kama ugonjwa wa umri mmoja.